Matembezi ya Baada ya Sala ya Alfajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim. Amma baad: tumeletewa suala na kijana mmoja wa hapa Mombasa, miongoni mwa wahudhuriao darsa zetu za usiku wa Jumaa, nasi twaona yafaa kulijibu hapa kwa urefu, kwani hapana shaka wako wengine wenye haja nalo wasiosema.

Asema kwamba babake alifariki katika mwezi wa Rajabu, na tangu siku ile hawezi kukaa msikitini baada ya sala ya alfajiri. Watu wakianza mazungumzo yao kifua humbana. Basi akisha kutoa salamu husoma nyiradi zake kwa uchache, akaondoka, akaenda kwa miguu Ndia Kuu moja kwa moja hata Ngomeni, kisha akafuata ufuo wa bahari mpaka kwenye mibuyu ile mikongwe ya Mama Ngina. Huko husimama kidogo, akarudi jua lisha chomoza. Njia hiyo ndiyo aliyokuwa akiipita babake katika uzima wake. Sasa wazee watatu wamemlaumu. Wa kwanza amemwambia kwamba aikimbia thawabu ya kukaa. Wa pili amemwambia kuwa hayo ni kuwaiga watalii. Wa tatu amemwambia kwamba saa zile ufuoni ni saa za majini. Na mwenyewe ameongeza suala lake la nne: je, babake apata chochote kwa matembezi hayo?

Twaanza na mzee wa kwanza, kwa kuwa maneno yake yana asili. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir bin Samura kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akisha kusali alfajiri alikuwa akikaa pale pale aliposalia mpaka jua litoke vyema. Na Tirmidhi amepokea kwa Anas kwamba aliyesali alfajiri kwa jamaa, kisha akakaa akimtaja Mwenyezi Mungu mpaka jua litoke, kisha akasali rakaa mbili, hupata ujira mfano wa ujira wa hija na umra. Maulamaa wamezungumza juu ya isnadi ya hadithi hii ya pili, na Tirmidhi mwenyewe ameitia katika daraja ya hasan gharibu. Lakini fadhila ya kukaa ni thabiti kwa ile ya kwanza. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia kijana wetu kwamba kutembea ni bora kuliko kukaa. Jambo hilo halina dalili, nasi hatupendi kumfariji mtu kwa kitu kisicho na dalili.

Lakini yafaa ijulikane ni kukaa kupi. Thawabu iliyotajwa ni ya kukaa kwa dhikri. Hatusemi kwamba kuzungumza msikitini ni haramu, tusije tukazidisha, kwani katika hadithi hiyo hiyo ya Jabir imetajwa kuwa masahaba walikuwa wakikumbushana mambo yao ya zama za ujinga wakacheka, na Mtume (S.A.W.) akatabasamu. Ila yule ambaye mazungumzo ya bei za viwanja na habari za uchaguzi yamtia dhiki baada ya msiba, na moyo wake haupati nafasi ya kumtaja Mola wake mle ndani, huyo akitoka akaenda akimtaja njiani hakuacha wajibu wowote. Ameacha fadhila moja akashika nyingine. Na siku atakapopata nguvu, na akae, japo siku mbili tatu katika juma.

Wala dhikri haikufungwa kwa mkao mmoja. Katika Sura Aal Imran, aya ya 190 na 191, Mwenyezi Mungu amewasifu wenye akili kuwa humtaja wakiwa wamesimama, na wakiwa wamekaa, na wakiwa wamelala kwa ubavu, kisha akaambatisha na hayo kwamba hufikiri juu ya umbo la mbingu na ardhi. Na katika Sura Saba, aya ya 46, Mtume ameamrishwa awape watu waadhi wa jambo moja tu, nalo ni kwamba wasimame kwa ajili ya Mungu, wawili wawili au mmoja mmoja, kisha wafikiri. Yafaa kutazamwa vyema hesabu hiyo. Hawakutajwa kumi wala ishirini. Wafasiri wengi wameeleza kuwa sababu yake ni kwamba kundi likiwa kubwa kila mtu hufuata kelele za mwenziwe, na fikira ya haki hupotea katikati.

Mzee wa pili tutamjibu kwa ufupi. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiuendea msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa miguu na mara juu ya mnyama. Kutembea si kanzu ya taifa fulani hata isemwe ameivaa asiyekuwa wake. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakishuka ufuoni kupunga upepo kabla ya kuja huyo mtalii, na neno lenyewe lipo katika lugha yetu tangu zamani. Hatukuliazima kwa mtu. Katika matembezi ya siku hizi, la kuigwa lisilofaa ni moja, nalo tutalitaja mbele.

Na mzee wa tatu: majini wapo, Kurani imewataja, na mwenye kuwakanya ameikanya Kurani. Ama kuwagawia saa na fuo, hiyo ni habari iliyotungwa na watu. Kama ufuo wa alfajiri ungekuwa milki yao, wavuvi wetu wa Mombasa wangalikwisha zamani. Aliyesali alfajiri kwa jamaa, akasoma nyiradi za asubuhi na Ayatul Kursi, na aende zake.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, nacho ni kule kufikiri kwenyewe. Kwani wako watembeao kila siku na wasifikiri hata mara moja. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika vitabu arubaini vya Ihyaa yake amekifanya cha thalathini na tisa kuwa ni kitabu cha tafakuri, na amehimiza humo kwamba mtu afikiri juu ya viumbe vya Mwenyezi Mungu wala asijasiri kufikiri juu ya dhati yake, kwani jicho la popo halistahimili jua. Hiyo ndiyo mipaka. Lakini iko hatari nyingine iliyo karibu zaidi na mfiwa. Mtu mwenye huzuni huenda huku fikira zake zikizunguka mahali pamoja: lau ningalimpeleka hospitali mapema, lau nisingalimjibu vile siku ile. Hayo siyo mazingatio. Huyo ni kama ngamia wa kinu cha simsim waliokuwa wakimjua wazee wa Lamu, aliyefungwa macho akazunguka tangu asubuhi hata jioni asifike popote. Na neno lau, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, hufungua kazi ya shetani.

Dawa tunayomwelekeza, nasi tumeijaribu katika halaka yetu, ni kuchukua kitu kimoja kwa asubuhi moja. Asitoke na dunia nzima kichwani. Leo achukue mapambazuko peke yake, kesho maji, kesho kutwa ndege mmoja.

Tuchukue mapambazuko. Kila mtoto wa madrasa amefundishwa kuwa alfajiri ni mbili. Ya kwanza ni ya uwongo: mwanga unaosimama wima kwenda juu mbinguni mfano wa mkia wa mbwamwitu, kisha giza hurudi. Ya pili ndiyo ya kweli: mwanga unaotanda kwa upana juu ya upeo wa macho, na hiyo ndiyo ihalalishayo sala na iharimishayo chakula cha mwenye kufunga. Ni wangapi katika sisi waliowahi kuziona kwa macho? Tumezisoma katika fiqhi, tukazitegemea saa na ratiba zilizobandikwa ukutani, na taa za mji zimetufunika. Hapa Mombasa, tulipo digrii 4 tu kusini ya mstari wa Ikweta, tangu alfajiri ya kweli hata jua kuchomoza ni kiasi cha saa moja na robo, na mwaka mzima jua halicheleweshi wala halitangulizi zaidi ya nusu saa au kidogo juu yake: huchomoza baina ya saa kumi na mbili na kiasi cha saa kumi na mbili na dakika thalathini na tano. Ukitoa muda wa adhana na sunna na sala, wabakiwa na dakika arubaini hivi, au zaidi kidogo. Ndizo alizoziapia Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Fajr, na katika Sura At-Takwir alipoiapia asubuhi inapopumua. Mwenye kusimama Ngomeni akautazama mwanga ukitambaa juu ya maji kutoka upande wa bara ya Nyali atafahamu kwa nini imetajwa pumzi.

Ama maji, hayo ndiyo madarasa ya mtu wa pwani. Kijana wetu asema hutoka saa ile ile kila siku; basi na aangalie kwamba bahari haimngojei katika hali moja. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa ishirini na nne na dakika hamsini hivi, kwa kuwa yafuata mwendo wa mwezi. Kwa hiyo kujaa kwa leo hakukutani na saa ya kujaa kwa jana. Akiyakuta yamepiga ukuta wa ngome siku ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, juma moja baadaye saa ile ile atayakuta ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita tatu. Wavuvi wayajua hayo yote bila ya kitabu, na mfiwa yamfaa kukaa na mvuvi mmoja nusu saa akamwuliza. Msiba nao una bamvua lake na maji mafu yake. Ajuaye kwamba maji yaliyojaa hivi leo yaamrishwa na kitu kilicho mbali na mikono yake, hatajilaumu kwa kila wimbi.

Na ndege: tumemtaja ndege mmoja, na huko Mji wa Kale ndege huyo hatakuwa ila kunguru, kwani wengine amewafukuza. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka, akaenea pwani nzima. Ala mayai na makinda ya ndege wetu, hata mwaka 2024 serikali ya Kenya ikatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Watu humwona ni nuhusi. Sisi twaona kuwa aliyetazama kunguru asubuhi akakumbuka Sura Al-Maida, aya ya 31, vipi kunguru alivyotumwa akafukua ardhi ili amfundishe mwana wa Adam kumsitiri nduguye maiti, amepata somo la kumtosha siku nzima. Binadamu wa kwanza kufiwa kwa mkono wake mwenyewe hakujua la kufanya na maiti, akafundishwa na ndege ambaye leo twamrushia mawe.

Wako watakaosema: hayo ni ya mwenye kukaa Mombasa karibu na bahari, je, mwingine? Kila mahali pana chake. Tulikwenda Lamu mwaka uliopita kwa ajili ya darsa, na asubuhi moja baada ya sala tuliondoka watu watatu kwa miguu kuelekea Shela, mwendo wa maili mbili hivi ukifuata pwani. Tulikubaliana tusiseme mpaka tufike. Mwanzo ni vigumu. Mtu huona kila kitu ni cha kusemewa. Punda wamekwisha anza kazi, mashua zimelala juu ya matope, jua latoka nyuma ya kisiwa cha Manda likapiga kuta za mji zote kwa mara moja. Baada ya robo saa ulimi hutulia, na macho huanza kuona.

Tulipofika kwenye vilima vya mchanga vya Shela tulikaa. Katika vilima vile yapatikana mambo mawili. La kwanza ni mifupa ya watu. Hapo ndipo vilipopiganwa vita vya Shela, kiasi cha mwaka 1812, watu wa Lamu kwa upande mmoja, na upande wa pili watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa. Waislamu kwa Waislamu, wote wakisali kibla kimoja. Washindi walikwenda na ushindi wao, walioshindwa walibaki mchangani, na upepo wa kusi umekuwa ukiwafukua na kuwafukia tena tangu wakati huo. Hatuna haja ya kuongeza neno hapo.

La pili ni maji matamu. Mchanga ule, ambao mgeni huudhani ni jangwa tu la kupigia picha, ndio uupao mji wa Lamu maji yake ya kunywa. Mvua ikinyesha haibaki juu. Hupenya na kushuka taratibu, ikajikusanya chini kwa chini juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa matamu ni mepesi zaidi. Baina yao hapana ukuta wa mawe wala wa saruji. Vimekaa hivyo viwili, kimoja juu ya kingine, ila mtu akichota kwa pupa au akiyaziba mapito ya mvua kwa majengo, ile chumvi hupanda juu na kisima huharibika. Aliyeisoma Sura Al-Furqan, aya ya 53, juu ya bahari mbili na kizuizi kilichowekwa baina yao, na aya ya mwisho ya Sura Al-Mulk juu ya maji yakididimia, akaenda akakaa pale juu ya mchanga, hatazisoma aya hizo tena kama alivyokuwa akizisoma. Na khasa akitazama upande wa pili akaona majumba ya fahari yaliyokwisha pandishwa katika mchanga huo. Watu wa Lamu wameyapigia kelele mambo hayo miaka mingi, nasi twaona wana haki. Fikira isiyomfanya mtu akitetee kisima cha jirani yake ni fikira pungufu.

Mahali pengine ni Gedi, karibu na Malindi. Pale mlango haufunguliwi alfajiri, basi mwenye kwenda na awahi saa ya kwanza ya kufunguliwa, kabla ya mabasi ya wageni na wanafunzi. Ni mji wa Waislamu wenzetu uliohamwa katika karne ya kumi na saba, kisha mwitu ukaurudia: mibuyu katika vyumba, mizizi katika kuta, kima juu ya mihrabu. Wataalamu walianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 umetiwa katika orodha ya turathi za ulimwengu. Upo msikiti wa Jumaa na kisima chake na mahali pa kutilia udhu. Yapo makaburi, na mojawapo lina tarehe iliyochorwa, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Vimekutwa vyungu vya Kichina na shanga za ng'ambo.

Hapa pana jambo tulipendalo wasomaji wetu waliangalie. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura Ar-Rum, aya ya 9, na mahali pengine, twende katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Watu wengi wakifika Gedi husema kwa haraka: hawa waliangamizwa kwa maasi yao. Wewe wajuaje? Waliokufa katika maasi Kurani imewataja, na watu wa Gedi hawamo. Wako wataalamu wasemao kuwa maji ya visima yalididimia, na alama za kuchimbwa zaidi kisima zaonekana. Wako wataja vita na mashambulio ya karne zile. Huenda yalikutana yote. Kumhukumia maiti Muislamu asiyejulikana kuwa aliangamizwa kwa dhambi ni kusema bila ya elimu. Tazama mihrabu yao, iangalie jinsi ilivyoelekezwa kibla kwa uangalifu, uwaombee rehema, kisha jiulize msikiti wa mtaa wako utakuwa na nani ndani yake baada ya miaka mia nne. Hilo ndilo suala la kwenda nalo Gedi. Na wale wanaopeleka huko ubani na nadhiri kwa mizimu, hao wamekwenda mahali pa mazingatio wakarudi na ushirikina.

Turudi kwenye adabu za njia, kwa ufupi. Mwendo uwe wa wastani, si wa maringo. Hayo yamo katika nasaha za Luqman kwa mwanawe. Njia ina haki zake kama ilivyo katika hadithi ya Abu Said: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kwa hiyo kimya tunachokisema si cha kumpita muuza mahamri na mbaazi bila ya salamu, wala hamali asukumaye mkokoteni wa maji. Watu hao wameitikia dua ya Mtume (S.A.W.) aliyoiombea umma wake baraka katika mapema yake, nayo imepokewa na Sakhr Al-Ghamidi, mfanyi biashara aliyekuwa akipeleka mali yake mapema akatajirika. Kuwatazama wakianza kazi ni katika mazingatio.

Na lile tulilosema tutalitaja: simu. Twawaona vijana, na wazee pia, wakitembea ufuoni alfajiri na uzi masikioni, au wakisimama kila hatua kumi kujipiga picha. Wengine husema tunasikiliza Kurani. Twasema: Kurani ina haki ya kusikilizwa na kunyamaziwa, Sura Al-Aaraf, aya ya 204, wala si ya kusindikiza miguu huku macho yako kwenye magari. Ama uisikilize kwa haki yake, ama uiache simu nyumbani kwa dakika arubaini. Hakuna mfanyi biashara aliyefilisika kwa dakika hizo.

Limebaki suala la nne, nalo ndilo zito. Je, baba apata chochote?

Matembezi yenyewe hayamfikii. Kupita njia aliyoipita, kukaa alipokuwa akikaa, kugusa mbuyu alioegemea, hayo ni mapenzi, nayo hayalaumiwi, lakini si ibada wala hayana kitu cha kumpa maiti. Kimfikiacho kimetajwa katika hadithi iliyopokewa na Muslim: mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu, sadaka yenye kudumu, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Basi kila hatua aitiayo dua ndani yake imekuwa na faida, na isiyo na dua ni upepo mzuri tu. Siku moja katika juma aigeuze njia, apite makaburini Kikowani au popote alipozikwa, awatolee salamu walio humo kama tulivyofundishwa, amwombee babake, wala asimwombe yeye, Mtume (S.A.W.) ametuambia tuyazuru makaburi kwa kuwa hukumbusha akhera, hakutuambia tupeleke haja zetu huko.

Tena liko jingine ambalo hakuliuliza, nasi twalitanguliza juu ya yote hayo. Tirmidhi amepokea kwa Abu Huraira kwamba nafsi ya muumini hutundikwa na deni lake mpaka lilipwe. Babake alikuwa akipita njia ile kila siku kwa miaka. Hapana mtu wa namna hiyo asiye na hesabu njiani: muuza kahawa aliyeandikiwa kikombe baada ya kikombe, muuza samaki aliyeambiwa kesho, mwenye duka aliyekopesha kibiriti. Deni dogo ndilo lisahaulikalo katika kugawa mirathi, na wenye kudai huona haya kumwendea mfiwa. Basi kesho asipite tu. Asimame kwa kila mmoja amwulize kwa uwazi: je, marehemu alikuwa na deni lako? Akisema ndiyo, alipe kutoka katika mali ya marehemu kabla ya warithi kugawana, na kama imekwisha gawanywa wachangie warithi. Akisema amemsamehe, ashukuru. Katika njia yote ile hatapata tafakuri iliyo bora kuliko kusimama mbele ya muuza kahawa na suala hilo mdomoni.

Na mamake je? Katika barua yake ndefu hakumtaja ila mara moja, kwamba humwachia akisali. Naye amefiwa vile vile, na huamka alfajiri hiyo hiyo. Kwa sasa amo edani, nayo ni miezi minne na siku kumi kwa nassi ya Sura Al-Baqara, aya ya 234, hatoki ila kwa haja. Kwa kuwa mume alifariki Rajabu, hata ikichelewa kabisa itamalizika kabla ya kwisha mwezi wa Mfungo Tatu. Mpaka hapo, kijana na apunguze mwendo wake, arudi mapema kidogo akanywe chai naye, amwambie alichokiona, maji yalikuwaje na nani alimsalimu. Eda ikiisha, kama miguu yake ina nguvu, na amshike mkono washuke pamoja mpaka Ngomeni.